Msalaba wa Shaba katika Maji ya Chumvi

Mimi ndiye niliyefuga matumbawe hai mjini Lubumbashi, na kama yupo mwenyeji wa hapa aliyenitangulia, sijapata kumsikia. Najua watakuwepo watakaosema natia chumvi. Ni kweli, chumvi nilitia, tena kwa mizani, mpaka maji ya bomba yakawa bahari. Kutoka kwangu hadi ufukwe wa karibu ilikuwa safari ya siku kadhaa kwa lori na treni, kupita Zambia yote na kuvuka Tanzania yote. Na bado sebuleni mwangu, ukutani pale ambapo wenzangu waliweka kabati la vyombo, palikuwa na tangi la kioo refu kama mlango. Ndani yake mlikuwa na samaki wawili wadogo wenye mistari, konokono wengi, minyoo ya kila aina, na mawe yaliyoota hayo matumbawe, wanyama laini ambao mgeni angeapa kuwa ni maua.

Kazi yangu ya mshahara ilikuwa kupima shaba. Wakati ule shaba ilikuwa ya serikali na mji mzima ulikula kwa shaba. Mawe yalitoka migodini, yakasagwa, yakaletwa kwetu kwenye labo, yaani maabara, ndani ya bahasha ndogo. Mimi niliyayeyusha kwa asidi, nikatia dawa, nikasoma rangi na kuandika ni shaba kiasi gani imo. Nilikuwa hodari, na sioni sababu ya kulificha hilo. Wakubwa walipokuwa na shaka na kipimo cha mtu mwingine, bahasha ililetwa mezani kwangu.

Tangi lilikuwa la mkubwa wangu wa kazi, mzungu mmoja aliyekonda, mpole, asiyekuwa na mke wala maneno mengi. Wageni walipoanza kurudi kwao kwa wingi, na yeye akafunga masanduku. Aliniachia tangi, maboksi matatu ya chumvi ya kutengenezea bahari, na daftari lake. Aliniachia mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa nikimpimia nitrati kila wiki, na kwa sababu, alisema, nilikuwa mtu pekee pale kazini ambaye hakuwahi kumuuliza wale samaki wanaliwa lini.

Nitrati ndiyo iliyokuwa adui. Samaki akila, lazima atoe uchafu. Uchafu huo unakuwa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria wanaokaa juu ya mawe wanaila amonia na kuigeuza, hatua kwa hatua, kuwa nitrati. Nitrati haiui haraka, lakini inajikusanya siku kwa siku kama takataka nyuma ya nyumba, mpaka wale wanyama laini wanajikunja na kunywea. Mkubwa wangu alikuwa na dawa rahisi: anamwaga maji ya zamani na kutengeneza mapya kwa chumvi iliyotoka Ulaya kwa ndege. Mimi sikuwa na ndege. Nilikuwa na maboksi matatu, na yakiisha, basi.

Kwa hiyo nilikaa na daftari lake nikasoma mpaka nikaelewa jambo ambalo yeye mwenyewe aliliandika pembeni na hakuwahi kulijaribu: kwamba bahari haimwagi maji yake. Bahari ina mchanga.

Jirani yangu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, wa ukoo uliotoka pwani ukapitia Maniema, na mizigo yake ilikuwa ikija kutoka Dar es Salaam. Nilimwomba aniletee mchanga wa baharini na mawe ya baharini, vyote vikiwa vibichi, vimefungwa kwenye magunia yaliyoloweshwa maji ya bahari. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuleta upepo. Lakini alileta. Gunia la kwanza lilipofunguliwa uani, mke wangu alifunika pua kwa kitenge.

“Voisine,” jirani alimwita kwa Kifaransa cha majirani, akimtuliza kwa kicheko, “bahari njo inanukaka vile.”

Nilimwaga mchanga tangini, unene wa shubiri nzima. Mke wangu alisema nimeharibu chombo kizuri, sasa kinafanana na shimo la kuchimba msingi wa nyumba. Nikamweleza, kwa sauti ile ya mwalimu ambayo hakuipenda kamwe. Juu ya mchanga kuna hewa, na wapo bakteria wanaoipenda. Chini kabisa hakuna hewa, na huko wanakaa wengine ambao, wakikosa oksijeni, wanainyang’anya nitrati oksijeni yake. Kinachobaki ni hewa tupu isiyo na madhara, nayo inapanda juu kwa mapovu madogo. Minyoo na konokono wanapita humo polepole, wanaufungua mchanga usigandamane, maji yapate kushuka. Ndiyo maana hauoshwi. Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya kusafisha mitaa tuliyolazimishwa na chama, mke wangu alirudi na brashi yake bado mkononi, akasimama mbele ya tangi akiwaza. Nilikaa kati yake na tangi mpaka akaiweka brashi chini.

Miezi ilipita. Kila wiki nilipima. Mwanzoni kipimo cha nitrati kilikuwa chekundu kama mawese. Kisha kikawa cha waridi. Siku moja nikatia dawa, nikatikisa chupa, nikangoja, na maji yakabaki meupe kama nilivyoyachota. Nilidhani dawa imeoza. Nikarudia. Meupe. Niliruka pale sebuleni na kumbeba mke wangu juu juu, mtu mzima mwenye watoto watatu, na yeye akanipiga mgongoni akisema nimshushe, wageni wataniona mwendawazimu. Sikumwaga hata ndoo moja ya maji. Mchanga ulikuwa umeifanya kazi yote.

Sasa nimtaje baba yangu, maana bila yeye haya yangekuwa majigambo tu.

Baba alitumika kwenye tanuri la shaba maisha yake yote ya kazi. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, lakini baba yake alitoka kaskazini kuja kujenga reli, na nyumbani kwetu kazi ilikuwa na maana moja: kitu kinachokuchoma. Baba alikuwa na makovu mikononi na kikohozi kilichokuwa kikimtangulia mlangoni. Kila Jumapili, misa ikiisha, alipita kwangu kula. Na kila Jumapili alinitania.

“Kazi iko kitu ya moto,” alisema. “Weye unapimaka machozi tu mu chupa.”

Waliokuwa mezani walicheka, nami nikacheka nao. Lakini iliniuma, na naandika wazi kwamba iliniuma. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na nyumba, nilikuwa mtu ambaye wakubwa walimwamini, na nilitaka jambo moja tu: baba yangu aseme, hata mara moja, kwamba kazi yangu nayo ni kazi. Tangi nililijenga kwa ajili ya matumbawe, ndiyo. Ila nikisema halikuwa pia kwa ajili yake, nitakuwa nadanganya.

Jumapili moja alikuwa amekaa karibu na kioo akingoja chakula. Niliona ameinama. Povu moja lilitoka mchangani, likapanda, likapasuka juu. Likafuata jingine.

“Muchanga iko inapumua,” akasema.

Nikamweleza. Hakunikatiza hata mara moja, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomaliza, aligonga kioo taratibu kwa ukucha.

“Hii yote ulitengeneza weye mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe, baba.”

Akaitika kwa koo tu, akageukia ugali wake. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja amevaa koti lake la sherehe, na mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Alikifungua mezani mbele ya mke wangu na watoto. Kilikuwa ni msalaba wa shaba, wa aina ile ya zamani ambayo wazee wetu waliiyeyusha wenyewe na kuitumia kama mali, mikono minne mifupi, mzito, umesuguliwa ukang’aa.

“Kambo yako, baba yangu, alitokaka nayo kule kwetu,” alisema. “Zingine zote alizitoa kwa kuoa kambo yako mwanamuke. Hii njo ilibakia.”

Kisha akakunja mkono wa koti na wa shati, akaingiza mkono wake wenye makovu ndani ya maji yangu, mpaka kwenye kiwiko, na kuusimamisha ule msalaba mchangani, kati ya mawe mawili. Aliuweka vizuri, kama mtu anayepanda mche.

“Sasa ile bahari yako inajua kwetu iko wapi,” akasema. “Umetumika, mutoto yangu. Hii iko kazi.”

Nilitoka nje nikajifanya natafuta mkaa. Nilikaa uani kidogo mpaka macho yakakauka.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Katika daftari la mzungu, ukurasa wa kwanza kabisa, palikuwa na mstari mmoja: shaba isiingie majini. Niliusoma zamani. Niliukumbuka siku ileile, kabla hata baba hajashusha mkono wa koti lake. Nikajijibu mwenyewe palepale, kwa kiburi cha mtu aliyekaa na shaba mchana kutwa. Nilijiambia, shaba inayeyuka kwenye asidi, na maji ya bahari si asidi, ni kinyume chake. Nilijiambia mzungu alimaanisha dawa za shaba wanazotibia samaki, si kipande kizima kilichopikwa na mikono ya mababu. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa za kisomi. Ukweli ni kwamba hata ningekuwa mjinga wa kutojua kusoma, ningeuacha msalaba ule pale pale.

Konokono ndio walioanza. Asubuhi moja niliwakuta wawili wamelala chali juu ya mchanga, wameshindwa kushika kioo. Nikawageuza. Kesho yake walikuwa wanne. Palikuwa na mnyoo mmoja aliyekaa ndani ya kijibomba na kufungua mkia wake kama upepeo. Alijifunga na hakufungua tena. Wale wanyama laini walinywea wakawa kama nguo iliyofuliwa na kusahauliwa. Kisha minyoo ya mchangani ikapanda juu, myeupe, imelegea. Samaki, ajabu, walikuwa wazima, wanakula kama kawaida, na hilo ndilo lililonipoteza zaidi.

Mapovu yakakoma. Hakukuwa na wa kuufungua mchanga tena, ukagandamana kama sakafu. Na kipimo cha nitrati, wiki baada ya wiki, kikarudi: waridi, kisha wekundu, kisha mawese kabisa.

Niliwashuku watu wote isipokuwa mmoja. Nilimwambia jirani kwamba gunia lake la mwisho lilikuwa limeoza, na yeye, mtu mwenye adabu, aliniomba radhi kwa kosa asilolifanya. Nikamgeukia mke wangu. Nilimwuliza ni nani aliyepuliza dawa ya mbu sebuleni. Akasema hakuna. Nikasema yupo. Nikasema maneno mengine ambayo siyaandiki hapa, na alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anakunja nguo za watoto.

“Baba ya batoto,” akasema, “umepima bintu byote?”

“Vyote.”

“Byote byote?”

Na macho yake yakaenda kwenye msalaba, kisha yakarudi kwenye nguo. Nikamwambia asinifundishe kazi. Nilipaza sauti, na watoto wakatoka wakaenda kucheza mbali.

Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Siku iliyofuata nilichota maji ya tangi kwenye chupa, nikaenda nayo kazini ndani ya mfuko wa koti. Nikaiweka mezani, katikati ya bahasha za mawe, kwenye foleni pamoja na zingine. Ilipofika zamu yake nikamimina kidogo kwenye chupa ya labo na kutia ile dawa ninayotia kila siku, ile inayogeuza maji kuwa ya manjano kukiwa na shaba hata kidogo. Nilisimama nayo karibu na dirisha.

Ikawa manjano.

Nikaiosha chupa ya labo, nikamimina mengine, nikarudia. Manjano. Nikarudia mara ya tatu, kama anavyofanya mwanafunzi asiyeamini mikono yake. Mtu ambaye mji mzima unamletea shaba aipime, aliyepima amonia, aliyepima nitrati, aliyepima chumvi, aliyempima mke wake kwa maneno ya dharau, hakupima kitu kimoja anachojua kupima kuliko watu wote. Niliketi kwenye kile kiti kirefu cha labo na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Jioni nilimwomba mke wangu radhi. Akasema amesikia. Akaongeza kwamba radhi ya jirani niiendee mwenyewe kwa miguu yangu, na nikaenda.

Lakini msalaba sikuutoa. Ilikuwa Alhamisi, na nilikuwa na siku tatu za kutunga uongo. Ningeweza kusema nimeutundika ukutani kwa heshima. Ningeweza kusema watoto wanauchezea. Uongo wote ulikuwa mzuri, na kila nilipoupanga nilimwona baba akikunja mkono wa koti. Yeye ndiye aliyeuweka. Nikiutoa kwa siri, nitakuwa nimemtoa yeye. Nikiuacha, tangi linakufa mpaka konokono wa mwisho, na ile kazi aliyoiita kazi haitakuwepo tena.

Jumapili alipokuja, aliona magamba ya konokono yamepangwa kwenye sahani. Aliangalia tangi, akaangalia tena.

“Muchanga imeacha kupumua,” akasema. “Juu ya nini?”

Nilimwonyesha sababu mezani. Nilikuwa nimeleta dawa na chupa mbili za labo. Moja niliijaza maji ya chumvi mapya, niliyoyatengeneza asubuhi kutoka kwenye boksi la mwisho. Nyingine niliijaza maji ya tangi. Nikatia dawa kwenye zote mbili mbele yake, nikamkabidhi. Alizishika juu kuelekea mwanga wa mlangoni. Moja ilibaki nyeupe. Nyingine ikageuka manjano mikononi mwake, polepole.

“Hiyo ni shaba, baba,” nikasema. “Inatoka kwenye msalaba. Inaua minyoo na konokono. Nilijua mapema kwamba ni hatari, nikanyamaza.”

Mke wangu alikuwa amesimama na birika la chai mlangoni, hasogei. Baba alitazama chupa, kisha akaangua kicheko.

“Shaba iko na nguvu!” akasema, na kwa kweli alijivuna. “Kipande moja tu! Unaona? Shaba iko na nguvu!”

Kicheko kikageuka kikohozi. Kilimshika kwa muda, akainama, akanipa chupa zisimwagike. Kilipomwachia, alifuta mdomo, akakunja mkono wa koti na wa shati, akautoa msalaba yeye mwenyewe. Aliukausha kwa leso yake, kila mkono wa msalaba, taratibu. Kisha akauliza bila kuniangalia.

“Na ile dawa yako, inaweza kuona shaba pia mu damu ya muntu? Muntu mwenye alitumika ku moto miaka yote?”

Mimi nina jibu la kila kitu. Waulize niliofanya nao kazi.

“Sijui, baba.”

Akatikisa kichwa kana kwamba nimemjibu vya kutosha. Akaufunga msalaba ndani ya leso, akauweka mfukoni, akauliza tunaanzia wapi. Siku hiyo hatukula mpaka alasiri. Tulitoa maji yenye shaba na mchanga wa zamani kwa bakuli, yeye akibeba ndoo hadi uani na kupumzika kila hatua chache, akakataa kabisa nimsaidie. Jirani, Mungu amweke, aliagiza magunia mengine mawili na hakutaka nimlipe nauli. Mchanga mpya ukaingia, na maji mapya ya boksi la mwisho, na mawe mapya, na konokono wapya waliofika wamejificha ndani ya magamba yao kama watu waliopanda treni bila tiketi. Ilichukua msimu mzima wa mvua, na kidogo zaidi. Nitrati ikashuka. Povu la kwanza lilipopanda alikuwa baba aliyeliona, si mimi, na alitupigia kelele wote tuje.

Tangu hapo hakunitania tena kuhusu machozi. Kila Jumapili, hata kabla ya kuvua kofia, aliniuliza kipimo cha nitrati kwa neno lilelile.

“Leo ngapi?”

Lile swali la damu hakulirudia kamwe, wala mimi sikulitafutia jibu, ingawa kazini kulikuwa na watu ambao ningeweza kuwauliza. Nilikuwa naogopa. Yeye alisimama pale mlangoni, kikohozi kikiwa kimeshamtangulia, akiniangalia usoni na kungoja namba. Nami nilimtajia ya maji.